Pua na Nafsi: Juu ya Alama Moja ya Kichina na Hekaya Zake

Kila uwanja wa elimu una hekaya yake ipendwayo kupita kiasi, na uwanja wa maandishi ya Kichina unayo hekaya ya pua. Husimuliwa hivi. Mchina atakapo kusema "mimi" hajigusi kifuani kama wafanyavyo wengine, bali hujinyoshea kidole puani. Kwa hiyo wazee wa kale, walipotaka kuiandika nafsi, walichora pua. Na mchoro huo, baada ya kunyoshwa na kunyolewa na kalamu za vizazi vingi, umekuwa alama 自, itamkwayo zì, ambayo maana yake hata leo ni "mwenyewe". Hekaya ni fupi, ni tamu, na ni rahisi kukumbukwa. Husomeshwa madarasani, huchapwa vitabuni, na mwanafunzi aliyeisikia mara moja haisahau. Ila yake ni moja tu: haikuthibitishwa.

Lau kosa hili lingekuwa la mtu mmoja au la kitabu kimoja lingeachwa lipite, kwani hapana mji usio na porojo. Lakini hekaya ya pua haisafiri peke yake. Imechukua mzigo mgongoni, na mzigo wenyewe ni itikadi kwamba Wachina hawaandiki maneno bali huandika mawazo. Kwamba jicho la msomaji wa Kichina hutoka katika picha likafika katika maana bila ya kupita ulimini. Itikadi hiyo ni kongwe katika Ulaya. Francis Bacon aliiandika mwaka 1605, aliposema kuwa watu wa China hutumia alama za vitu na fikira, wala si herufi na maneno. Baada yake walifuata wengi. Mwaka 1919 mshairi Ezra Pound alichapisha insha ya Ernest Fenollosa, Mmarekani aliyepata kufundisha Tokyo na aliyefariki mwaka 1908. Nayo ilidai kuwa alama za Kichina ni picha hai za matendo ya maumbile, kwa hiyo ni chombo cha ushairi kipitacho vyombo vyote. Insha hiyo ilisaidia kuzaa mashairi mazuri ya Kiingereza. Elimu ya Kichina haikufaidika nayo hata kidogo.

Pa kulipima dai la namna hii si katika ladha ya msimulizi. Ni katika ushahidi, na ushahidi upo. Umechorwa juu ya mifupa. Mwaka 1899 mwanachuoni Wang Yirong, akiwa Peking, alitambua kuwa mifupa fulani iliyokuwa ikiuzwa kama dawa ilikuwa na maandishi ya kale sana. Mwaka 1928 wachimbuzi wa Kichina walianza kufukua ardhi ya Anyang, katika jimbo la Henan, na humo wakapata mji mkuu wa mwisho wa wafalme wa Shang. Mifupa hiyo ilikuwa ya ramli. Waaguzi wa mfalme walichukua mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la tumbo la kobe, wakauchimba vishimo kwa nyuma, wakautia moto mpaka ukapasuka, wakazisoma nyufa. Kisha wakachora penye mfupa ule ule swali lililoulizwa. Mengi ya maswali hayo yana umri wa miaka zaidi ya 3,000. Hapana Kichina kilichoandikwa kwa wingi ambacho ni kikongwe kuliko hicho.

Katika mifupa hiyo alama ya pua imo, na kwa kweli ni pua: imetazamwa kwa mbele, ina mwamba wake na matundu yake, wala mtu hahitaji mwalimu kuitambua. Imo pia katika maana yake ya asili. Mfalme alikuwa mgonjwa wa viungo kama wanadamu wote, na waaguzi waliuliza juu ya meno, macho na masikio. Basi huulizwa vilevile juu ya maradhi ya pua, na alama iliyoandikwa hapo ni hii 自. Mpaka hapa hekaya haijakosea. Pua ni pua.

Lakini waaguzi hao hao wana swali jingine, ambalo ni mashuhuri mno kwa wasomao mifupa, na ambalo hekaya hailitaji kamwe. Ni swali la mvua. Muaguzi auliza kama mvua itanyesha siku ile, kisha auliza mara nne: je, itakuja kutoka magharibi, au mashariki, au kaskazini, au kusini? Na neno "kutoka", katika maswali yote manne, limeandikwa kwa alama ya pua. Haya na aje sasa msimulizi na kidole chake. Mvua itokayo magharibi yajinyoshea kidole puani? Upande wa kusini una pua gani? Katika mifupa ya Shang alama hii hutumika mno kwa maana ya "kutoka" na "tangu", na kwa maana ya "mwenyewe" pia. Maelezo yafaayo kwa maana moja na kushindwa kabisa na ya pili, iliyo kando yake katika mifupa ile ile, hayajaeleza kitu.

Sentensi hiyo ya mvua yastahili kuzingatiwa zaidi, kwa kuwa ni mizani iliyo tayari. Swali la upande wa kaskazini lina alama tano tu, na msomaji aliyeambiwa kuwa Kichina ni picha na azisome kama picha. Ya kwanza ni ungo wa kupepetea nafaka. Ya pili ni pua. Ya tatu ni watu wawili waliopeana mgongo. Ya nne ni mmea wa ngano. Ya tano ni matone yaangukayo kutoka juu. Ungo, pua, migongo, ngano, matone: na akae chini siku nzima, atumie werevu wote aliojaliwa, hatapata katika picha hizo swali la kama mvua itatoka kaskazini. Lakini mwandishi wa Shang alilisoma bila ya taabu, kwani yeye hakutazama picha, alisikia maneno. Neno la kuonyesha shaka lilikuwa na sauti iliyokaribiana na ya neno la ungo. Neno la kuja lilikaribiana na neno la ngano. Neno la kaskazini lilikaribiana na neno la mgongo. Katika alama tano, ya mvua peke yake ndiyo iliyochora kile ilichokitaja.

Jambo hili lina jina katika elimu ya Wachina wenyewe, na jina hilo ni la zamani kuliko wadai wote wa Ulaya. Xu Shen, aliyemaliza kamusi yake kubwa mwaka 100 baada ya kuzaliwa Kristo, alizigawa njia za kuunda na kutumia alama katika namna sita, na moja ya hizo aliiita kuazima: neno lisilo na alama yake huazima alama ya neno jingine linalofanana nalo kwa sauti. Hapana ajabu katika hilo. Nani awezaye kuchora "kutoka"? Nani awezaye kuchora "huenda"? Mwenye kutaka kuandika lugha nzima, wala si orodha ya vitu vya ghalani, hana budi kuazima sauti, ama sivyo kalamu yake itakwama kabla ya mstari wa kwanza kwisha.

Na kama ushahidi wa mvua hautoshi, upo ushahidi wa neno "mimi" lenyewe. Wachina wa leo husema wǒ, na alama yake ni 我. Katika mifupa ya ramli alama hiyo ni picha ya silaha yenye mpini na meno. Hapa kimya cha wasimulizi ni kikubwa. Waliotuambia kuwa nafsi imeandikwa kwa pua kwa sababu watu hujinyoshea kidole puani, wangepaswa kutuambia kuwa "mimi" imeandikwa kwa silaha kwa sababu watu hujichoma wasemapo. Hawasemi hivyo, maana wao huchagua katika alama maelfu ile moja ipendezayo, na zile zikataazo huzipita kama mtu apitaye mdai wake njiani.

Haki yataka isemwe pia hoja iliyo upande wa pili. Wako wanazuoni wasiodhani kuwa pua na nafsi zilikutana kwa kuazimana tu. William Baxter na Laurent Sagart, katika kitabu chao cha mwaka 2014 juu ya matamshi ya Kichina cha kale, wameyajenga upya matamshi ya maneno haya kwa namna inayoyafanya yakaribiane sana. Msomaji wa Kiswahili naye hatashangaa kusikia kuwa nafsi na kiungo cha kuvutia pumzi huweza kuwa jamaa, kwani neno lake mwenyewe, nafsi, limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliozaa pia neno la pumzi. Basi na iwe hivyo. Lakini tazama ni undugu wa kitu gani. Ni undugu wa neno na neno, uliozaliwa vinywani mwa watu kabla ya kalamu kuwako. Nafsi na pumzi katika Kiarabu hazikuhitaji picha yoyote ili kuwa ndugu. Kama zì na pua ni ndugu katika Kichina, udugu huo umo katika sauti, na mchoro umekuja nyuma kuufuata. Hoja hii haimsaidii mtetezi wa picha. Yamwondolea hata ile nguzo moja aliyoiegemea.

Yaliyotokea baadaye yanathibitisha jambo hilo hilo. Alama ya pua ilishughulishwa mno na kazi za "kutoka" na "mwenyewe", hata pua yenyewe ikabaki bila makao. Waandishi walifanyaje? Hawakuchora pua bora kuliko ile ya kwanza. Waliichukua alama ya pua wakaitilia chini alama nyingine, 畀, ambayo maana yake ni "kupa" na matamshi yake ni bì. Na kwa pamoja zikawa 鼻, bí, ambayo ndiyo pua ya Kichina mpaka leo. Kipande cha juu chataja jamii ya kitu, na cha chini chataja sauti. Pua haihusiani na kupa. Imewekewa "kupa" ili msomaji ajue neno litamkweje. Mgongo nao ulipata mkasa ule ule: watu wawili waliopeana mgongo walipochukuliwa na kaskazini, 北, mgongo ulitiliwa alama ya nyama chini yake, ukawa 背. Kiungo cha mwili kilipoteza picha yake kwa sababu ya sauti, kisha kikairudisha pamoja na hirizi ya kukitambulisha.

Wala viungo hivi viwili si mfano wa nadra. Ini ni 肝, gān: nyama upande mmoja, na upande wa pili alama itamkwayo gān, ambayo haina habari na ini. Kichwa ni 頭, tóu: upande mmoja ni alama ya kichwa, upande wa pili ni dòu, yaani chombo cha kale cha kuwekea chakula, ambacho baadaye kiliazimwa kwa jina la jamii ya kunde. Mwenye kupenda falsafa atawaeleza watu kwamba Wachina walikiona kichwa kuwa ni chungu cha kunde. Mwenye kupenda kweli atasema kuwa tóu na dòu zinafanana katika sikio. Kamusi ya Xu Shen ina alama 9,353, na zaidi ya nane katika kila kumi zimeundwa kwa njia hii ya kuunganisha kipande cha maana na kipande cha sauti. Peter Du Ponceau aliipinga dhana ya maandishi ya mawazo katika kitabu alichokitoa Marekani mwaka 1838. John DeFrancis aliirudia hoja kwa kirefu mwaka 1984. Dhana haikufa. Uongo upendezao hauuawi kwa kitabu kimoja, wala kwa viwili.

Mtu anaweza kusema: lakini picha ilikuwako mwanzoni, nanyi mmekiri. Naam, ilikuwako. Swali si mchoro ulianza kuwa nini, bali wafanya kazi gani. Waswahili wa pwani waliandika tenzi, barua na mikataba kwa maandishi ya Kiarabu kwa karne nyingi. Utenzi wa Tambuka una hati ya mwaka 1728. Katika maandishi hayo imo herufi ya ain, na jina lake maana yake ni jicho, kwani mababu zake wa kale katika nchi za Kisemiti walichora jicho. Imo kaf, ambayo jina lake ni kitanga cha mkono, na imo ra, ambayo asili yake ni kichwa. Basi katika hati zile mna macho, vitanga na vichwa kila mstari. Ni nani, alipoandika neno elimu kwa kuanzia na ain, aliyeona jicho likimkodolea? Ni mwanachuoni gani aliyepata kudai kuwa Waswahili waliifahamu elimu kuwa ni jicho kwa sababu ya herufi hiyo? Hakuna, na angalithubutu angalichekwa barazani. Kwa nini basi lichekwalo Lamu liheshimiwe likisemwa juu ya Peking?

Wengine hukimbilia ngome ya mwisho: kwamba mtu wa Peking na mtu wa Canton hawafahamiani wasemapo, na hufahamiana waandikapo, kwa hiyo lazima waandike mawazo. Ngome hii ina kuta nyembamba. Mtu wa Canton huitamka alama ya pua bei, na wa Peking huitamka bí. Ni neno moja lililorithiwa kwa matamshi mawili, kila mmoja akilisoma kwa ulimi wake. Mtu wa Canton asomapo gazeti hasomi mawazo matupu, bali husoma Kichina sanifu alichofundishwa shuleni, chenye sarufi na msamiati wa kaskazini. Atakapo kuandika usemi wa nyumbani kwake jinsi ulivyo hulazimika kutumia alama nyingine ambazo mtu wa Peking hazijui. Wajapani nao, walipoziazima alama hizo, hawakuona kuwa wamepata maandishi ya fikira yafaayo kwa kila lugha. Iliwabidi wazitumie nyingine kwa sauti tu, na kutokana nazo wakaunda herufi za silabi ili waweze kuandika viambishi vya lugha yao. Na vipofu wa China, tangu miaka ya 1950, husoma kwa vidole nukta zinazoandika sauti za Kichina. Kipofu asomaye neno la pua kwa nukta hakosi chochote cha neno hilo. Lau maana ingalikaa ndani ya picha, yeye angalikuwa nje ya lugha yake.

Zaidi ya hayo, kuabudu umbo la alama si hekima ya Mashariki iliyopotea ambayo Magharibi imeifufua. China yenyewe iliwahi kuwa na watu wa namna hiyo, na mmoja wao alikuwa na jeshi. Neno la "kosa" au "hatia", zuì, zamani liliandikwa 辠: juu pua, chini chombo chenye makali. Xu Shen asimulia kuwa Mfalme wa Kwanza wa Qin, aliyeziunganisha nchi za Kichina mwaka 221 kabla ya Kristo na kujitwalia cheo kipya, aliona alama hiyo yafanana na 皇, alama ya cheo chake. Hakupenda. Akaamuru neno zuì liandikwe kwa alama nyingine, 罪, ambayo asili yake yaelezwa kuwa ni wavu wa kuvulia samaki. Amri ikafuatwa, na mpaka leo hatia ya Kichina imeandikwa kwa wavu. Lakini neno lilibaki lile lile, zuì, na wenye hatia walibaki wale wale. Mfalme aliweza kuondoa picha yote nzima akaweka nyingine isiyohusiana nayo, na lugha haikutikisika hata unywele. Huu ni mtihani ambao hapana mwanachuoni angeweza kuufanya, na mfalme aliufanya kwa kiburi chake: picha ilibadilika, neno likabaki.

Xu Shen naye, pamoja na ukubwa wake, alinaswa katika mtego huo huo alipokuja kueleza cheo cha mfalme. Alidhani kipande cha juu cha 皇 ni pua, akasema kuwa pua maana yake ni mwanzo, akaleta ushahidi wa watu wa zama zake waliomwita mtoto wa kwanza kwa jina la pua. Katika vyombo vya shaba vya kale, ambavyo ni vikongwe kuliko kamusi yake kwa karne nyingi, kipande hicho hakifanani na pua hata kidogo. Ikiwa yeye, aliyelala na kuamka na alama hizi, alidanganywa na jicho lake pale alipoacha kuuliza ushahidi, mgeni wa miaka miwili na ajihadhari.

Je, basi picha haina la kutuambia? Inalo, na hapo ndipo wapenda hekaya wanapopata hasara kubwa kuliko wote, kwa kuwa huikimbia picha ya kweli wakiifuata ya kubuni. Katika mifupa ya Shang imo alama ya pua na kisu kando yake. Hiyo ni 劓, yì, adhabu ya kukatwa pua. Haina fumbo. Ilikuwa moja katika adhabu tano za kale, nayo ilidumu mpaka mwaka 167 kabla ya Kristo, ambapo binti aitwaye Tiying, ambaye baba yake Chunyu Yi alihukumiwa, alimwandikia Mfalme Wen wa nasaba ya Han kumwambia kuwa kiungo kilichokatwa hakiungiki tena hata mtu akitaka kujirekebisha. Mfalme akafuta adhabu za kukata viungo, na mahali pa kukatwa pua akaweka fimbo 300. Na wengi walikufa kwa fimbo hizo. Mwenye kutafuta katika alama za pua jambo la kumfikirisha mwanadamu, jambo lile hapa. Pua ya hekaya ni ya mtu atabasamuye na kujinyoshea kidole. Pua ya mifupa ni ya mtu aliyeumwa, akaaguliwa. Na nyingine ni ya mtu aliyeshikwa, akakatwa. Hizo ni pua za watu waliopata kuishi.

Itaulizwa kwa nini jambo la alama moja ya nchi ya mbali lipigiwe kelele katika Kiswahili. Sababu ya kwanza ni kuwa nchi hiyo si ya mbali tena kwa wanafunzi wa huku. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua taasisi ya kufundisha Kichina mwaka 2005, na Dar es Salaam ikafuata mwaka 2013. Vijana hujifunza alama hizi kwa mamia, na kila mmoja hupewa hekaya ziwe vijiti vya kuegemea. Vijiti si vibaya kwa achechemeaye. Ubaya ni mwanafunzi kuambiwa kuwa vijiti ndivyo miguu. Naye akifika katika alama ya elfu moja, ambayo haina hekaya, hudhani kuwa amekosa akili, ilhali alichokosa ni kufundishwa kusikia kipande cha sauti kilichokuwamo tangu siku ya kwanza.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Sifa ya maandishi ya picha na dharau ya maandishi ya picha ni watoto wa mama mmoja. Rousseau, katika insha yake juu ya asili ya lugha iliyochapwa mwaka 1781, aliwapanga wanadamu kwa ngazi tatu kwa kadiri ya maandishi yao: wachorao vitu ni washenzi, watumiao alama za maneno wako katikati, na wenye alfabeti ndio wastaarabu. Mwafrika aijua ngazi hiyo. Amepata kukalishwa chini yake, penye vumbi, akaambiwa kuwa asiye na maandishi hana historia. Wachina walikalishwa kidato cha pili kwa hoja ile ile. Ajapo mshairi wa Magharibi baadaye na kusema kuwa kidato hicho kina uzuri wa ajabu, hakuivunja ngazi. Ameipaka rangi tu. Anayekubali kuwa Wachina hufikiri kwa picha kwa sababu walichora pua, hana jibu kwa yule asemaye kuwa watu wengine hawafikiri kwa sababu hawakuchora kitu.

Kwa hiyo ni wajibu wa mwalimu, aandikapo 自 ubaoni, kusema yaliyo kweli kwa utaratibu wake: kwamba hapo kale ilikuwa pua, kwamba ilitumika kuandika maneno yasiyochoreka, kwa kuwa watu walikuwa na lugha na walitaka kuiandika yote, kwamba pua ilipokosa nafasi ilipewa alama mpya yenye sauti ndani yake, na kwamba Mchina aisomapo leo husoma neno, kama asomavyo Mswahili, Mwarabu na Mwingereza. Kisha, kama wakati wabaki, na awasomee wanafunzi swali la mvua kwa pande zake nne, waone kuwa yule muaguzi wa Anyang, miaka 3,000 iliyopita, alikuwa akisema kama wasemavyo watu wote watazamao mbingu kabla ya kupanda.